Si Kila Koech ni Ndugu wa Koech

Fungua rejesta ya darasa katika shule yoyote kandokando ya Longisa, kwenye barabara itokayo Bomet kwenda Narok, na majina utakayokutana nayo ni yale yale: Koech, Rotich, Lang'at, Mutai, Bett, Rono, Kirui, Ng'eno, Korir. Mgeni atadhani darasa zima ni watoto wa nyumba nane au tisa. Mwenyeji anajua kwamba sivyo. Ila kujua kwamba sivyo na kuweza kueleza kwa nini sivyo ni mambo mawili, na hilo la pili lina faida inayozidi udadisi. Linagusa ndoa, linagusa urithi, linagusa hata maswali ambayo daktari humuuliza mgonjwa kuhusu maradhi ya familia yake.

Swali letu ni hili: jina la mwisho la mtu linabeba habari gani juu ya damu yake? Tutalijibu hatua kwa hatua, tukianzia pale ambapo kila mtu anakubali.

Masharti matatu

Jina la ukoo, kama linavyotumika leo kwenye kitambulisho, ni alama inayonakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ili alama ya namna hiyo itunze habari za ukoo, lazima itimize masharti matatu. La kwanza, inakiliwe kizazi baada ya kizazi bila kubadilishwa. La pili, iwe imeanzia kwa mtu mmoja, au watu wachache sana. La tatu, isichukuliwe na watu wasio wa uzao huo. Sharti moja likivunjika, jina linabaki kuwa jina zuri la kumwitia mtu, lakini haliwezi tena kuwa ushahidi wa undugu.

Sasa tuyapime majina ya Wakipsigis kwa masharti hayo, tukianza na lile la pili, yaani chanzo.

Majina mengi ya rejesta yetu yalitokana na saa au hali ambayo mtoto alizaliwa. Mvulana hupewa kiambishi cha Kip- au Ki-, msichana Chep- au Che-. Aliyezaliwa kunapopambazuka ni Kipkoech au Chepkoech. Wa asubuhi ni Kimutai. Wa mchana ni Kibet au Chebet. Ng'ombe wakirudi nyumbani jioni, mtoto ni Kiprotich au Cherotich. Wakirudi mbuzi na kondoo, ni Kiprono au Cherono. Wa jioni ni Kiplang'at au Chelang'at, na wa saa ambayo watu wamelala ni Kipkirui. Mvua ilileta kina Kiprop. Njaa ilileta kina Kiprugut, na mmoja wao, Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964.

Pambazuko ni la wote. Asubuhi ile ile anayozaliwa Kipkoech Longisa, anazaliwa Kipkoech mwingine Sotik na mwingine Litein, na wazazi wao hawajawahi kuonana. Jina hili halikuanzia kwa mtu mmoja kisha likaenea. Limezaliwa upya mara elfu nyingi, na linaendelea kuzaliwa. Sharti la pili limevunjika.

Tunaweza kupima uzito wa jambo hilo kwa hesabu ndogo. Tuchukulie kuna majina kumi ya saa, na kila moja lina nafasi sawa ya kutolewa. Watu wawili wasio na undugu wowote wana nafasi moja kati ya kumi ya kuwa na jina moja. Darasani mna watoto 30, kwa hiyo jozi zinazoweza kuundwa ni 30 mara 29, gawanya kwa mbili, yaani 435. Moja ya kumi ya jozi hizo ni zaidi ya 40. Darasa moja tu, na tayari tuna jozi arobaini na kitu za watoto wanaolingana majina kwa bahati tupu.

Ulimwengu uliiona bahati hiyo tarehe 6 Novemba 2011, katika marathoni ya New York. Wa kwanza alikuwa Geoffrey Mutai, kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 6. Wa pili alikuwa Emmanuel Mutai. Watazamaji wa mbali walidhani ni ndugu. Hawakuwa ndugu. Walichoshiriki ni asubuhi ya mtu mwingine: jina walilolibeba lilitokana na saa ya kuzaliwa ya aliyemtangulia kila mmoja wao, wala si saa yao. Geoffrey mwenyewe ni Kiprono.

Arap hukumbuka kizazi kimoja

Hapo tumefika kwenye sharti la kwanza, la kunakili bila kubadilisha.

Kwa desturi, kijana wa Kipsigis akishatoka jandoni huacha kuitwa kwa jina la utotoni na kuitwa arap fulani, mwana wa fulani. Jina la baba huondolewa kiambishi, kisha huwekwa baada ya arap. Tuufuate mlolongo mmoja wa mfano. Mzee wa kwanza ni Kiprotich. Mwanawe, Kipkoech, anakuwa arap Rotich. Mwana wa huyo, Kimutai, anakuwa arap Koech. Na mwana wa Kimutai, Kiprono, anakuwa arap Mutai. Mwana, baba na babu wameketi chini ya mti mmoja, wa nyumba moja, na ubini wao ni tatu: Mutai, Koech, Rotich. Wakati huo huo, kuvuka mto, kuna arap Koech mwingine asiyehusiana nao kabisa.

Na wakati mwingine hata ndugu wa baba mmoja hawakushiriki ubini, kinyume na kanuni yenyewe. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi katika karne ya 19, aliacha wana waliojulikana kote: Koitalel arap Samoei, aliyeongoza vita dhidi ya Waingereza hadi alipouawa mwaka 1905, na Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orkoiyot kwa Wakipsigis. Baba mmoja, wana wawili, na ubini tatu tofauti. Asiyejua angewaweka katika familia tatu.

Si Wakipsigis peke yao walioshika kanuni ya namna hii. Pwani na Unguja, Ali bin Juma humzaa Hamisi bin Ali, na Juma hupotea katika kizazi cha pili. Iceland wanafanya hivyo mpaka leo, ambapo mwana wa Jón huitwa Jónsson na mwanawe hataitwa hivyo. Kanuni hii ina faida yake: humtambulisha kijana kwa mtu ambaye wazee wanamjua akiwa hai. Ila kumbukumbu yake ni ya kizazi kimoja. Haikukusudiwa kutunza ukoo.

Basi ukoo ulitunzwa wapi? Kwenye ukoo wenyewe. Kila Mkipsigis ana ukoo wake, uitwao oret, na kila oret una mnyama au kitu chake cha kuheshimiwa: Talai wana simba, wengine wana ndege, wengine wana jua. Ukoo hurithiwa kwa baba bila kubadilika, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Ndiyo maana Koech akimposa binti wa Koech, wazee hawashtuki. Watauliza ukoo kwanza. Na ndiyo maana Rotich anaweza kukataliwa binti wa Lang'at, wakiwa wametoka ukoo mmoja. Hata serikali ya kikoloni ilipotunga sheria mwaka 1934 ya kuwahamishia Talai kule Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, haikuwatafuta kwa ubini. Iliwatafuta kwa ukoo.

Kulikuwa pia na kumbukumbu ya pili, ya watu mmoja mmoja. Mtoto alipozaliwa, wanawake waliyataja majina ya wahenga wa nyumba hiyo, moja baada ya jingine, hadi mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati wa chafya ndilo la mhenga aliyerudi. Kwa hiyo Mkipsigis alibeba mambo matatu katika nafsi moja: saa yake, baba yake, na mhenga wake. Kitambulisho cha leo kimechukua mojawapo tu na kulifanya liwe la kudumu.

Jinsi ubini ulivyoganda

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo kila mwanamume mzima alitakiwa kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yalifungua mashamba makubwa Kericho: Brooke Bond, na James Finlay iliyoanzishwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1750. Karani wa kipande, karani wa mishahara, mwalimu wa misheni na mbatizaji, kila mmoja alikuwa na safu ya kuandika jina la mwisho. Mtu akijibu arap Koech, iliandikwa Koech. Mtoto wake alipopelekwa shule akaulizwa jina la baba, alijibu lile lililoandikwa. Hapo ndipo kanuni ilipobadilika: badala ya mtoto kulichukua jina la kuzaliwa la baba yake, alichukua jina la kuzaliwa la babu yake, na watoto wake wakaendelea nalo.

Rais wa pili wa Kenya anatuonyesha mgando huo vizuri. Baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. Kwa hiyo Toroitich, mwana wa Kimoi, akawa arap Moi. Kwa desturi ya Watugen, ambao ni Wakalenjin kama Wakipsigis, wanawe wangeitwa kwa jina la Toroitich. Lakini wanawe ni kina Gideon Moi. Kizazi kimoja kabla yake jina lilikuwa bado linatembea. Kizazi kimoja baada yake lilikuwa limesimama. Familia nyingi za Bomet na Kericho zina kizazi chao cha namna hiyo, na ukikaa na nyanya au babu yako kwa mchana mmoja unaweza kujua ni kipi.

Wanawake wanastahili kutajwa hapa kwa jina lao wenyewe. Arap ilikuwa ya wanaume. Msichana alibaki na jina lake la Chep-, akapata majina mengine kadiri alivyokua, na akishazaa aliitwa kwa jina la mtoto. Ubini wa baba au wa mume kwenye karatasi za mwanamke ni jambo la juzi tu.

Jina la Uskoti lililofika Kericho

Waskoti waliopanda chai hapa walikuwa wamepitia mgando huo zamani. Uingereza, majina ya mwisho yalianza kushika katika karne ya 12 hadi ya 14, kwa sababu ya ardhi ya kurithi na kodi ya kulipa. Katika milima ya Uskoti desturi ya kumtaja mtu kwa baba yake iliendelea mahali pengi hadi karne ya 18.

Tulitazame jina moja kwa karibu, kwa sababu lilifika Kericho na kukaa. Kando ya Loch Ness kuna bonde liitwalo Glen Urquhart, na kulikuwa na kundi la watu wa milimani huko walioitwa Urquhartson. Jina lilipita midomoni na mikononi mwa waandishi, likawa Orchardson. Anayelisoma leo anaona ndani yake bustani ya matunda, kumbe bustani haikuwahi kuwapo. Ni mahali palipoandikwa vibaya. Mwaka 1832 alizaliwa Edinburgh William Quiller Orchardson, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri jijini London. Mwanawe, Ian Orchardson, alihamia Kericho, akaishi na Wakipsigis, akajifunza lugha yao, akaoa kwao, na akaandika juu ya desturi zao kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1961 kwa jina The Kipsigis. Jina la Orchardson likawa la Kericho.

Liweke jina hilo kando ya Koech. Orchardson ni jina adimu, limeanzia sehemu moja, na limenakiliwa kwa vizazi vingi. Ukikutana na Orchardson wawili, wa Kericho na wa Edinburgh, dhana ya undugu ina msingi. Ukikutana na Koech wawili, haina.

Sarafu mbili na majina yanayokufa

Limebaki swali moja: jina likishaganda, kwa nini baadhi huenea na mengine hupotea? Mwaka 1874 Waingereza wawili, Francis Galton na Henry Watson, walilichukua swali hili kama hesabu. Mwanafunzi wa Longisa anaweza kulifanya kwa sarafu mbili za shilingi.

Chukua wanaume 100, kila mmoja na jina lake peke yake. Kwa kila mwanamume rusha sarafu mbili. Kila twiga anayetokea juu ni mwana mmoja wa kiume. Twiga wawili hutokea robo ya mara zote, mmoja hutokea nusu, na kukosa kabisa hutokea robo. Wastani ni mwana mmoja kwa kila baba, kwa hiyo idadi ya wanaume haipandi wala haishuki. Utadhani basi majina nayo yatabaki 100.

Hayabaki. Katika kizazi cha kwanza, majina kama 25 yanakufa, kwa kuwa wenye majina hayo hawakupata mwana. Katika kizazi cha pili yamekwisha 39. Katika kizazi cha tano, 60. Katika kizazi cha kumi yamesalia kama 26, na katika kizazi cha 25, ambacho ni kama miaka 700, yamesalia kama 13. Wanaume bado ni kama 100, ila sasa kila jina lililosalia lina wastani wa watu wanane. Hakuna jina lililokuwa bora. Hakuna ukoo uliokuwa na nguvu zaidi. Ni bahati inayojumlishwa kizazi juu ya kizazi, na jina likishafika sifuri haliwezi kurudi.

Chini ya kanuni ya arap kifo hicho hakikuwezekana. Arap Rotich akikosa mwana, jina Rotich halipotei, maana ng'ombe watarudi jioni na mtoto mwingine atazaliwa. Kilichoweza kufa ni nyumba, na Wakipsigis walilijua hilo vyema. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliruhusiwa kumuoa mwanamke mwenzake kwa mahari, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake na ukoo wa mumewe, wakarithi mali. Jamii iliona tatizo lile lile la Galton, ikalitatua kwa sheria ya ndoa.

Kenya ya karne ya 20 haikuwa na wastani wa mwana mmoja. Watu walikuwa kama milioni 5.4 katika sensa ya 1948, na milioni 47.6 katika sensa ya 2019. Familia zikiwa kubwa, sarafu hubadilika. Mwanamume mwenye wana watatu, ambao kila mmoja ana wana watatu, ana wajukuu 9 wa kiume, vitukuu 27, na vilembwe 81. Vizazi vinne ni takriban muda uliopita tangu vipande vya kwanza. Kwa hiyo majina yaliyoganda hapa hayajaanza kufa; yanachanua, na kila Koech aliyeandikwa na karani ameanzisha tawi lake.

Kipimo cha damu

Je, tunaweza kuyathibitisha haya nje ya hesabu? Ndiyo, kwa kromosomu Y. Hii ni sehemu ya chembe za urithi inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume ikiwa karibu haijabadilika. Inapita njia ile ile ya ubini ulioganda, kwa hiyo vinaweza kulinganishwa. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walifanya hivyo kwa majina ya Kiingereza. Wanaume wenye jina adimu kama Attenborough walikuwa na aina moja ya kromosomu Y kwa wingi mkubwa. Kina Smith, ambao jina lao lilianza kila kijiji kilipokuwa na mhunzi, hawakulingana zaidi kuliko watu waliookotwa barabarani.

Kwa kanuni hiyo tunaweza kutabiri. Wanaume 50 wa jina la Koech wakipimwa Bomet, watatofautiana kama wanaume 50 wowote wa Bomet. Wanaume 50 wa ukoo mmoja watalingana zaidi, ingawa hawatalingana wote. Sharti la tatu linahusika hapa: koo za Wakipsigis zilipokea watu kutoka kwa Wamaasai na Wagusii wakawa wana kamili, na watoto wa ndoa ya wanawake wawili walikuwa na baba mzazi wa ukoo mwingine. Ukoo ni undugu wa sheria na malezi kwanza, na damu huufuata kwa sehemu kubwa.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Ubini wa Longisa unatueleza saa ambayo mzee mmoja alizaliwa, zamani kidogo kabla ya karani kumwandika. Hautuelezi ukoo. Hata ukiacha mambo yaende kama yalivyo kwa miaka 700, jina lililoanzia kwa wengi, kama Koech, litabaki kama Smith; ni majina adimu tu yatakayokuwa ushahidi wa uzao kama lile la Uskoti. Kwa hiyo anayemwandikia mgonjwa historia ya familia aulize mama wa mama na baba wa baba, asitosheke na kulingana kwa majina. Wanaotaka kuoana waulizane ukoo kama wazee walivyofanya.

Na kila familia iandike sasa, katika daftari la kawaida, mlolongo wa majina ya kuzaliwa kuanzia mtoto mdogo kurudi nyuma hadi pale kumbukumbu ya mzee wa nyumba inapofika, pamoja na oret wa kila mke aliyeolewa katika nyumba hiyo. Kitambulisho hakina safu ya mambo hayo. Wanaoyajua wana miaka themanini na tisini, na daftari hilo watoto wao hawataweza kuliandika bila wao.